Simu Inapozimika Ghafla: Tupeleleze Kabla ya Kuhukumu

Malalamiko yamekuwa mengi, makambini na mitaani, kutoka kwa watu wenye simu za kisasa. Simu iliyokuwa ikikaa na chaji kutwa nzima huwekewa programu mpya usiku, na kuanzia kesho yake betri huisha kabla ya adhuhuri. Nyingine huzimika ghafla, hali kioo chake kinaonyesha kwamba bado ina asilimia 30. Mwenyewe hukilaani kiwanda, humlaumu fundi, au humshuku aliyemuuzia. Leo tumekusudia kulitazama jambo hili kwa makini, na tumechagua kulitazama kutoka makazi ya Dzaleka, nchini Malawi, kwa sababu huko gharama ya kukosea chanzo cha tatizo ni kubwa kuliko mahali pengi.

Dzaleka imo katika Wilaya ya Dowa, yapata kilometa 45 kaskazini mwa mji mkuu wa Lilongwe. Hapo zamani palikuwa na gereza walimofungwa wapinzani wa utawala wa Dk. Kamuzu Banda. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, lakini leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kimekuwa lugha yao ya soko na ya ujirani. Watu hawa si wageni kwa askari wetu. Kuanzia mwaka 2013 askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini walitumika pamoja katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo. Na tangu Desemba 2023 nchi hizo tatu zilipeleka majeshi huko chini ya SADC, hadi Jumuiya hiyo ilipoamua Machi 2025 kukomesha jukumu hilo. Kilichowapeleka askari wetu Kongo ndicho kilichowaleta wananchi wengi wa Kongo Dzaleka.

Kwa mkaazi wa Dzaleka simu si pambo. Ndiyo inayompatia habari za ndugu aliowaacha nyuma, na ndiyo mfuko wake wa fedha, kwani nchini Malawi fedha hutumwa na kupokewa kwa Airtel Money na Mpamba. Kanuni za Malawi humtaka mkimbizi akae kambini, na mwaka 2023 Serikali ya nchi hiyo iliwaagiza wale waliokuwa wamehamia mijini warejee Dzaleka. Kwa hiyo, anayeambiwa kwamba simu yake imekufa na kwamba betri halisi haipatikani ila Lilongwe, anahitaji kibali, nauli na siku nzima ya safari. Akifika huko akauziwa betri asiyoihitaji, hasara yake ni maradufu. Ndiyo maana tunasema kwamba maarifa ya kutambua ugonjwa wa simu ni akiba, tena ni akiba kwa askari aliye katika lindo la mbali kama ilivyo kwa mkimbizi.

Mpelelezi mzuri hamkamati mtu wa kwanza anayemwona mahali pa tukio. Huorodhesha washukiwa, kisha humwachilia mmoja baada ya mwingine kadiri ushahidi unavyoelekeza. Katika shauri hili washukiwa ni watatu.

Mshukiwa wa kwanza ni kazi inayofuata usasishaji wenyewe. Simu ikiisha kupokea mfumo mpya, huanza kupanga upya kumbukumbu zake, kuzipitia picha, kuziandaa upya programu zilizomo, na kuteremsha nyingine kutoka mtandaoni. Kazi hiyo hufanyika chinichini bila mwenyewe kuiona, ila huhisi joto mkononi na chaji ikiporomoka. Kwa kawaida hali hii hutulia baada ya siku moja au chache. Dawa yake ni kuizima simu na kuiwasha tena, kuzisasisha programu zilizobaki, kuhakikisha kuwa kuna nafasi ya kutosha katika hifadhi yake, na kuwa na subira. Anayekimbilia kwa fundi siku ya kwanza anatibu homa ambayo ingepona yenyewe.

Mshukiwa wa pili ni programu moja yenye ulafi. Yako mambo ambayo hayakupatana na mfumo mpya, nayo huhangaika usiku na mchana. Ushahidi wake haufichiki: katika mipangilio ya simu, sehemu ya betri, imo orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja imekula. Programu ambayo haikufunguliwa tangu asubuhi, nayo imetafuna theluthi ya chaji, imejitia hatiani. Isasishwe, izuiwe kufanya kazi chinichini, au iondolewe. Aidha, tusisahau mawimbi hafifu. Simu iliyo mbali na mnara hulazimika kutangaza kwa nguvu zaidi ili isikike, na betri ndiyo inayolipa gharama hiyo. Askari wa mpakani ambaye simu yake hudumu akiwa mjini, nayo haidumu akiwa porini, asiisingizie programu mpya kabla ya kuutazama mnara.

Mshukiwa wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mhalifu mwenyewe pale simu inapozimika ghafla, ni betri iliyochakaa. Betri za simu hizi ni za lithiamu, nazo huzeeka kwa kutumika, kwa joto, na kwa kupita kwa miaka. Betri nyingi zilibuniwa zibakize kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kujazwa kikamilifu mara 500. Zinapozeeka, siyo tu kwamba hubeba umeme kidogo. Ukinzani wa ndani nao huongezeka. Simu inapodai umeme mwingi kwa mkupuo, kama vile wakati wa kupiga picha, kuwasha tochi, au kufungua programu nzito, msongo wa umeme huanguka chini ya kiwango kinachokubalika, na simu hujizima ili kujilinda. Mfano wake ni mtungi mkubwa wenye maji, ambao mdomo wake umeziba: maji yamo, lakini hayatoki kwa kasi inayotakiwa.

Kipimo chake ni rahisi. Simu ikizimika ikiwa na asilimia 30, ichomekwe kwenye chaji. Ikiwaka na kuonyesha papo hapo asilimia 30 au karibu yake, basi umeme ulikuwemo, ila betri ilishindwa kuutoa. Hapo betri ibadilishwe. Lakini ikiwaka na kuonyesha asilimia 1 au 2, huenda kipimo cha chaji ndicho kilichopotoka. Ijazwe mpaka mwisho, itumike mpaka iishe, kisha ijazwe tena bila kukatizwa, ndipo ihukumiwe. Mtihani huo haugharimu hata tambala moja, na unafanyika Dzaleka kama unavyofanyika Dar es Salaam.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Huona kwamba simu ilikuwa nzima jana, leo imesasishwa, nayo inazimika. Basi huamua kwamba usasishaji ndio uliouharibu mtambo. Mara nyingi usasishaji ulifichua tu ugonjwa uliokuwamo, kwa kuwa mfumo mpya unadai nguvu zaidi kutoka kwa betri ileile kuukuu. Na mazingira yetu huwahisha uzee huo. Joto linalozidi nyuzi 35 linaweza kuidhuru betri moja kwa moja, na simu iliyoachwa juani ikichajiwa kwa paneli ya jua hulifikia joto hilo upesi. Umeme nao si wa kutegemewa. Januari 2022 Tufani Ana iliuharibu mtambo wa umeme wa Kapichira kusini mwa Malawi, na nchi nzima ikapata upungufu mkubwa. Mwenye simu katika hali kama hiyo huchaji pale anapopata, kwa chombo chochote anachokipata.

Hata hivyo, tusiwasafishe wenye viwanda kwa kuwa betri huzeeka. Mwaka 2017 ilidhihirika kwamba Apple ilikuwa imepunguza kwa programu kasi ya baadhi ya simu zake za iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizimike ghafla. Kitaalamu lilikuwa jambo lenye mantiki; kosa lilikuwa kutowaeleza wenye simu waziwazi. Wengi walidhani simu zao zimefikia mwisho, wakanunua mpya, kumbe zilihitaji betri tu. Desemba mwaka huo kampuni iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Mwaka 2020 ilitozwa euro milioni 25 nchini Ufaransa, na nchini Marekani ilikubali kulipa dola milioni 113 kumaliza madai ya majimbo kadhaa. Januari 2025 nayo Google ilituma programu iliyopunguza uwezo wa betri katika baadhi ya simu za Pixel 4a, ikatoa fidia ya kubadilishiwa betri au kulipwa fedha. Tangu Juni 2025 Jumuiya ya Ulaya inadai kwamba betri za simu mpya zinazouzwa huko zibakize walau asilimia 80 ya uwezo baada ya kujazwa mara 800.

Tunauliza: je, mnunuzi wa Lilongwe, Kigoma au Bujumbura hastahili haki hiyo? Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, madini yanayotumika sana katika betri za simu, hutoka Kongo. Mali ghafi huondoka Afrika ikiwa mbichi, hurudi ikiwa simu, na mtoto wa Kongo aliyekimbilia Dzaleka huinunua kwa jasho lake bila kuelezwa ni lini betri yake itachoka, wala ataipata wapi nyingine ya halali. Nchi zetu zinazo tume za ushindani na sheria za kumlinda mlaji. Kinachotakiwa ni kuzitumia ili muuzaji alazimike kusema kweli na kuleta vipuri.

Ndugu askari, yapo mambo matatu yanayowahusu ninyi hasa. La kwanza ni usalama wa kikosi. Usasishaji usikimbiwe kwa kuogopa chaji, maana ndio unaoziba matundu wanayopitia adui na wezi. Na betri inayoisha bila sababu iwe kwenu kama mbwa anayebweka usiku: huenda ipo programu inayotangaza mahali mlipo. Januari 2018 ramani ya programu ya mazoezi iitwayo Strava ilionekana kufichua njia za askari waliokuwa wakikimbia ndani ya kambi za kijeshi. Programu ya namna hiyo hula betri na kutoa siri kwa wakati mmoja.

La pili ni hatari ya moto. Betri iliyovimba isitobolewe, isibanwe, isichajiwe, wala isilazwe chini ya mto bwenini. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zake zilikuwa zikishika moto. Ikiwa kiwanda kikubwa kiliweza kukumbwa na janga hilo, betri bandia ya kichochoroni haiwezi kuaminiwa.

La tatu ni haki. Mtu akisimamishwa kizuizini, akasema kuwa picha ya kibali chake imo katika simu, na simu ikazimika machoni pa askari, kuzimika huko si ushahidi wa uongo. Chaji ya dakika kumi inaweza kuokoa usiku mzima wa mahabusu. Hali kadhalika, fundi aliyekutwa na simu nyingi zilizofunguliwa na betri zilizotapakaa mezani si mwizi kwa sababu hiyo pekee. Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15. Huonekana kwa kubonyeza *#06#, na ikiwa simu imezimika, mara nyingi huandikwa kwenye kasha lake. Namba hiyo ilinganishwe na kumbukumbu, ndipo neno la wizi litamkwe.

Simu ya mnyonge ni mali yake, na ukweli juu ya simu hiyo ni haki yake. Kiwanda kiseme kweli, muuzaji aseme kweli, fundi aseme kweli. Nasi tulio na dhamana ya kulinda raia na mali zao tupeleleze kwanza, kisha tuhukumu.