Juji akifikisha miaka, aende na heshima



Mu klasi yetu tulishindana maneno juu ya swali hili: juji mwenye akili nzuri bado, juu ya nini sheria inamutuma ku retreti? Wamoja walisema kumutosha muzee namna ile ni hasara. Sisi tunajibu hapana.

Tuangalie jirani. Mu Kenya, katiba ya zamani iliacha majuji wakubwa watumike mpaka miaka 74. Katiba ya 2010 ikapunguza: miaka 70, na mwenye kutaka anaweza kutoka kisha kufikisha 65. Majuji wawili wa Tribinali Kuu, Bwana Philip Tunoi na Mama Kalpana Rawal, wakakataa. Walisema waliingia kazi mbele ya 2010, basi yao ni 74. Shauri likapanda mpaka kufika mu mikono ya wenzao wa tribinali ile ile. Mu Juni 2016 wakashindwa. Mwezi ule ule mukubwa wao, Bwana Willy Mutunga, akatoka kwa mapenzi yake, mwaka moja mbele ya kufikisha 70, ili mwenye kumufuata apate wakati wa kujitayarisha mbele ya uchaguzi wa 2017.

Hatusemi wale wawili walikuwa wabaya. Kila mutu ana haki ya kuuliza. Lakini juji akiomba miaka kwa juji mwenzake, raia anaanza kuwa na mashaka.

Kwetu Kongo, katiba ya 2006 inaweka majuji 9 mu Tribinali ya Katiba, kwa miaka 9, bila kurudilia. Ni vizuri. Juji mwenye kujua siku yake ya kutoka haombi mukubwa amuongezee, na mukubwa hawezi kumutisha na siku ile. Ndiyo maana ya mupaka: si kuzarau wazee, ni kuwalinda.

Hata Biblia inajua jambo hili. Mu Hesabu 8, Walawi waliacha kazi nzito kwa miaka 50, lakini waliendelea kusaidia ndugu zao. Na Samweli alipozeeka, aliweka watoto wake kuwa waamuzi, nao wakakula rushwa. Kutoka bila kutayarisha mutu mwema wa kufuata ni hatari vilevile.

Hapa ndipo tunaogopa. Juji akienda na kiti kikabaki wazi, si yeye anaumia. Anayeumia ni mutu mwenye kulala mu gereza, anangojea hukumu, na mama yake anamupelekea chakula kila siku. Basi serikali itayarishe wenye kufuata mbele ya siku kufika, ilipe pensheni bila kuchelewesha, na wazee wafundishe vijana kazi.

Na sisi wanafunzi? Tuanze na komite zetu. Mwaka wa chef wa klasi ukiisha, aachilie kiti, asiongeze hata wiki moja.