MKWAJU ULE UPIMWE KABLA YA SHOKA

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu, huja baadaye. Nakuomba uyasikize maoni yangu kabla mjukuu huyo hajafika shuleni kwetu.

Sote tumeona vigingi na kamba nyuma ya jikoni, mahali patakapojengwa maabara mpya. Katikati ya kamba hizo umesimama mkwaju. Yeyote anayeijua Garsen mwezi wa Februari, saa nane mchana, ajua faida ya mkwaju ule. Mabati yakishapata moto, darasa letu huhamia chini yake pamoja na ubao. Hata mbuzi wa jirani huja kusoma nasi!

Si ati napinga maabara, la hasha! Ninachopinga ni kukata kwanza na kufikiri baadaye. Tena, kuuacha mti umesimama si kuulinda. Mnaukumbuka mwembe wa kando ya bweni? Wakati wa ujenzi hakuna aliyeugusa kwa shoka. Lakini mtaro wa msingi ulikata mizizi ya upande mmoja, kokoto zikarundikwa shinani, na maji ya kuoshea makarai ya saruji yakamwagwa papo hapo. Majani yakanyauka, na leo mwembe ule ni kuni. Mizizi mingi inayoulisha mti haiendi chini sana. Hutandaa karibu na uso wa ardhi, mara nyingi kupita kivuli chenyewe. Lori likipita juu, udongo hushindiliwa, mizizi ikakosa hewa na maji.

Basi tufanyeje? Kabla ya jembe la kwanza, miti yote ihesabiwe na kuandikwa: aina yake, unene wa shina kwenye kimo cha kifua, kama lina pango, kama mti umeliinamia jengo. Kisha iamuliwe upi ubaki na upi uondolewe. Mathenge, kwa mfano, mimi sitaulilia. Mti utakaobaki uzungushiwe ua wa seng'enge upana wa kivuli chake, wala fundi asiweke ndani hata mfuko mmoja wa saruji.

Mtasema hayo ni mambo ya Ulaya. Mbona mwaka wa 2020 kule Nairobi, mugumo mkongwe wa Waiyaki Way uliokolewa wakati barabara ya Expressway ikijengwa? Ikiwa barabara kubwa vile iliweza kuuhurumia mti, maabara yetu ishindwe kusogea hatua kumi?

Sisi wa Tana ndio tungekuwa walimu wa jambo hili. Misitu ya kando ya mto wetu ndiyo makao pekee duniani ya mbega wekundu wa Tana na kima aitwaye mangabi wa Tana. Hifadhi yao ilitengwa mwaka wa 1976. Wazazi wetu waliyaona mafuriko ya 1997, nasi tumeyaona ya 2024. Ukingo usio na mizizi huliwa na maji kama mkate kwenye chai.

Namwomba Mwalimu Mkuu na kamati ya ujenzi watupe siku moja tu kabla ya mafundi kuja. Sisi wanafunzi tutashika futi kamba, walimu wa Biolojia na Kilimo watuongoze. Mkwaju ukionekana mbovu, ukatwe, nami nitanyamaza. Ukionekana mzima, jameni, msingi usogezwe!