Mkupuo wa mstaafu uanze na dawa, si matofali

Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Umri huo unajulikana tangu siku anayoajiriwa, lakini familia nyingi huanza kuuzungumzia pale barua ya kustaafu inapofika. Hapo kila mtu ana lake. Baba anataka kumalizia nyumba, mama anataka duka, na kijana wao mkubwa ameshapata bei ya bodaboda.

Kabla ya kugawana, tuanze na hesabu. Kwa kanuni ya mafao iliyoanza Julai 2022, mtumishi aliyechangia miaka 30, na ambaye wastani wa mshahara uliotumika kukokotoa ni Sh1 milioni kwa mwezi, alipata mkupuo wa takriban Sh30.7 milioni na pensheni ya Sh415,000 hivi kila mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuongeza sehemu ya mkupuo, lakini somo halibadiliki: pensheni ni chini ya nusu ya mshahara, na wategemezi ni walewale.

Kama mstaafu huyo atachota Sh500,000 kila mwezi kuziba pengo, bila fedha hizo kuzaa chochote, mkupuo utakwisha baada ya miaka mitano hivi. Atakuwa na miaka 65, umri ambao presha, kisukari, macho na magoti vinadai zaidi. Na kama zote zimekwenda kwenye matofali na bati, pengo linaanza mwezi wa kwanza.

Hapa ndipo afya inapoingia kwenye bajeti. Dawa za presha na kisukari hunywewa kila siku, si pale mtu anapojisikia vibaya. Anayeziruka ili kubana matumizi anajisogeza karibu na kiharusi. Kikitokea, haumwi peke yake. Mke anafunga genge ili amuuguze, au binti anaacha kazi kurudi nyumbani. Kwa hiyo, fedha ya dawa, kliniki na nauli itengwe kwanza. Kabla ya kukabidhi ofisi, mtumishi aulize pia bima yake itakuwaje baada ya kustaafu, na ya mwenza wake je.

Sehemu inayobaki iwekwe mahali inapozaa. Hatifungani za Serikali hununuliwa kuanzia Sh1 milioni na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Vyumba viwili vya kupangisha vinaweza kumsaidia mstaafu kuliko jumba la vyumba sita ambalo watoto watalilala Krismasi tu. Anayetaka kufuga aanze na kuku wachache akiwa bado kazini, ajue chanjo, bei ya chakula na soko. Biashara isiyojulikana si ya kujifunzia kwa mafao ya miaka 30.

Bodaboda ya kijana je? Asaidiwe, lakini kwa kiasi ambacho wazazi wako tayari kutokiona tena. Kumwambia mtoto "hapana" mapema ni nafuu kuliko kumwomba hela ya vidonge baadaye. Na wanaopiga simu wakidai fedha ili "kuharakisha mafao" ni matapeli. Mstaafu akate simu, aende mwenyewe ofisi ya mfuko wake.

Fundi, mama lishe na mkulima hawapewi barua ya kustaafu, lakini mwili wao nao utachoka. Wao wanaweza kujiunga NSSF kwa hiari na kuchangia kidogo kidogo wakiwa na nguvu.

Mume na mke wenye miaka 50 wana muda wa kutosha kukaa na kalamu na daftari. Waandike madeni, ada zilizobaki na dawa wanazotumia sasa. Kila mmoja ajue mwenzake anachangia mfuko gani na nyaraka zake zinakaa wapi.