Tablo za jasho letu ziko wapi?

Mwaka jana mtoto wa baba mudogo alikufa mu shimo la kasiterite. Ku kilio tulitafuta foto yake. Tulipata moja tu: amevaa koti la kuazima, na nyuma yake kuna bahari ya kuchorwa. Mama yake aliiangalia, akasema: « Uyu hapana mutoto yangu. Wangu alikuwaka na vumbi. »

Maneno hayo hayanitoki.

Ndugu wasomaji, zamani tulikuwa na wachoraji wetu. Miaka ya 1970, mu saloni za wafanyakazi wengi wa Katanga kulitundikwa tablo zilizochorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga: mamba muntu, na « Colonie belge », ile ya mfungwa anayepigwa fimbo mbele ya mzungu. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, alichora ziko karibu 100 juu ya historia ya inchi yetu, alipokuwa akizungumza na Johannes Fabian miaka ya 1973 na 1974. Leo ziko mu makumbusho ya Amsterdam. Yeye mwenyewe alipotea, hatujui kaburi lake.

Ajabu ni hii: mu muji uleule wa Amsterdam, Waholanzi wanatunza tablo za watu wao wadogo wa miaka ya 1600. Vermeer alichora mtumishi wa jikoni anayemimina maziwa, mikono yake minene. Jan Steen, ambaye aliuzaka pombe pia, alichora nyumba zenye fujo: wakubwa wamelewa, watoto wanapekua mifuko yao. Mpaka leo Waholanzi wakiona nyumba ya fujo wanaiita nyumba ya Jan Steen. Na wanunuzi hawakuwa wafalme tu. Hata waoka mikate walitundika tablo.

Wachoraji hao hawakuwa malaika. Mara nyingi walimcheka maskini. Lakini walimwangalia. Sisi nani anatuangalia? Ku Kamina, mu kuta zetu kuna kalenda za wanasiasa, maua ya plastiki na posta za majumba ambayo hatutalala ndani hata siku moja.

Mutu ataniambia: « Mateso nayaonaka kila siku, niyatundike tena ku nyumba? » Namuelewa. Lakini maisha yetu hapana mateso tu. Kuko mama anayegawa bukari ili itoshe watu nane. Kuko vijana wanaoogeana siku ya posho, wanacheka. Kuko pia baba anayeshuka ku treni mikono mitupu, akipitia kwanza ku lutuku kwa sababu anaogopa macho ya watoto. Hiyo nayo ni yetu. Mtoto asiyejua namna chakula kilivyopatikana, atamzarau baba yake siku moja.

Wachoraji hawajaisha. Ni wale wanaoandika majina ya saloni za nywele na ya farmasi. Tuwape kazi, na tuwalipe bila kuwazungusha.

Mimi nimeanza. Nimeagiza tablo moja ya mama mudogo: mtoto wake, toshi ku kichwa, mfuko ku bega. Mchoraji aliniuliza kama apake uso usafi kidogo. Nikamwambia: acha vumbi.