Askari aliyejeruhiwa alazwe wapi? Goma mbele ya mifano ya inchi zingine

Usiku wa tarehe 28 Februari 2025, wapiganaji wa M23 waliingia katika hospitali mbili za mji wa Goma, CBCA Ndosho na Heal Africa, wakachukua wagonjwa na majeruhi wasiopungua 130. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyotangaza habari hiyo siku chache baadaye, ilisema kwamba watu hao walishukiwa kuwa askari wa FARDC ao Wazalendo.

Hospitali hizo zote mbili ni za raia. Ndiyo maana wengi waliuliza: je, askari hakupaswa kutibiwa katika hospitali ya jeshi, mbali na raia?

Kila inchi imejibu swali hilo kwa namna yake. Uingereza ilifunga hospitali zake za kijeshi moja baada ya ingine. Ya mwisho, Royal Hospital Haslar, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 1753, ilifungwa mwaka 2009. Leo askari Mwingereza anayerudi na majeraha ya vita hupelekwa katika hospitali ya raia mjini Birmingham, ambako madaktari wa jeshi wanafanya kazi pamoja na wale wa kiraia. Ufaransa ilifunga Val-de-Grâce, mjini Paris, mwaka 2016, lakini ilibakiza hospitali zingine za jeshi, na raia pia wanatibiwa humo.

Karibu na sisi, inchi zimechagua kufungua milango. Hospitali ya kijeshi ya Kanombe, mjini Kigali, na ile ya Lugalo, mjini Dar es Salaam, zinapokea raia pamoja na askari. Vyumba vya upasuaji na madaktari bingwa ni mali ya gharama kubwa. Kuviacha vikingojea vita tu ni hasara kwa inchi.

Kwa hiyo, kuchanganya askari na raia si jambo la ajabu. Mashariki mwa Kongo linatokana zaidi na ulazima. Vita vinapokaribia mji, majeruhi huwa wengi kuliko vitanda vya jeshi, na hupelekwa kule kuliko na daktari wa upasuaji. CBCA Ndosho imesaidiwa kwa miaka mingi na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, kwa kutibu watu waliopigwa risasi, bila kujali upande wao.

Sheria iliona hali hiyo mapema. Mkataba wa nne wa Geneva wa mwaka 1949 unasema wazi kwamba hospitali ya raia haipotezi ulinzi wake eti kwa sababu inatunza askari waliojeruhiwa. Na kifungu cha 3, kinachohusu vita vya ndani ya inchi, kinalazimisha kila upande, jeshi la serikali na waasi, kukusanya na kutunza majeruhi na wagonjwa. Mtu aliyelala kitandani na jeraha, asiyepigana tena, si mpiganaji wa kuwindwa.

Kujenga hospitali zaidi za jeshi kungepunguza msongamano, lakini kusingetosha. Anayeingia usiku katika hospitali ya raia hatasimamishwa na ukuta wa kambi. Kisha hasara inafikia wote: majeruhi anajificha nyumbani hadi kidonda kinaoza, na mama aliyelaza mtoto wake kitanda cha pili anaogopa kurudi.