Kiangazi chetu si kiangazi chao



Wengi kati yetu hushuka Dar es Salaam kufuata bidhaa Kariakoo. Wenzetu wa likelemba wametuuliza: tukiongeza siku nne, tukavuka na watoto hadi Zanzibar wakaone samaki chini ya maji, twende mwezi gani?

Wengi watawajibu haraka, nendeni kiangazi. Hapo ndipo watu hupotezana. Kwetu Kivu kiangazi ni mwezi wa sita hadi wa nane, wakati wa vumbi. Mtu wa Unguja akisema kiangazi anafikiri mwezi wa kwanza na wa pili, jua likichoma. Miezi yetu ya vumbi kwake ni kipupwe, wakati wa baridi. Kwa hiyo mkipiga simu kule, tajeni mwezi kwa namba, kisha ulizeni: upepo gani unavuma?

Upepo ndio unaoamua kuliko mvua. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu huvuma kaskazi, na joto lake. Kisha huja masika yao, mwezi wa tatu hadi wa tano, mvua nyingi, maji ya mito yanaingia baharini na matope, na nyumba nyingi za wageni hufungwa. Vakansi ya Pasaka inaangukia humo, msipoteze feza. Baada yake kusi inashika nguvu, na mwezi wa sita, wa saba na wa nane ndiyo miezi yake mikali.

Kati ya pepo hizo mbili bahari hutulia. Wapiga mbizi wanapenda mwezi wa kumi na mwanzo wa kumi na moja, kabla ya mvua za vuli kukaza, na tena mwezi wa pili hadi mwanzo wa tatu. Hapo maji huwa meupe, unaona mbali. Kule kisiwani Mafia, kuanzia mwezi wa kumi, wanakuja papa potwe karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini anakula vidudu vidogo vya majini, hana shida na mtu. Kikundi cha wamama wanaosafiri bila watoto, tunawaambia bila kusita: mwezi wa kumi.

Lakini mwezi wa kumi watoto wako darasani, na sisi hatukubali mtoto atolewe shuleni kwa ajili ya samaki. Inabaki vakansi kubwa, na vakansi kubwa ni kusi.

Wamama wa Uvira na Kalemie wanaujua upepo huu, maana miezi hiyo hiyo ndio unaoinua mawimbi ya Tanganyika. Si mchezo. Tarehe 18 mwezi wa saba 2012, meli Skagit ilitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari ikiwa imechafuka, na watu wengi walikufa pamoja na watoto. Ndiyo sababu tunasema mwisho wa mwezi wa nane ni afazali kuliko mwezi wa saba. Vukeni kwa boti ya asubuhi, kwa sababu mara nyingi upepo huongezeka mchana. Na kama mnaona watu wamepita kipimo au hakuna jile za kuokoa za kutosha watoto, shukeni, hata kama tiketi imelipwa. Sisi wa ziwa Kivu hatuhitaji kufundishwa hilo.

Mkisha kufika, chagueni upande. Kusi inapiga upande wa mashariki na kusini, Paje na Jambiani. Pelekeni watoto magharibi na kaskazini: Changuu, karibu na Mji Mkongwe, ambako kuna kobe wakubwa pia, au Kendwa na Nungwi. Mkienda wakati wa Noeli ni kinyume, ule upande wa kaskazini-mashariki ndio unaopigwa, na bei zimepanda kabisa.

Tazameni na mwezi wa juu. Ukiwa mpevu au mwandamo, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, mkondo unavuta. Siku za nusu mwezi ni maji mafu, na hizo ndizo siku za mtoto anayejifunza kuelea na miwani na mrija. Wamama wa pwani wanaotafuta pweza miambani wanazijua siku hizo kwa vidole. Waulizeni wao kabla ya kumuuliza mwenye hoteli, ambaye kila siku kwake ni nzuri.

Kuzama na mtungi wa hewa ni jambo lingine. Mama mwenye mimba asizame na mtungi hata mara moja, hata akiwa na mwezi mmoja tu. Mtoto chini ya miaka 10 pia hapana. Na aliyezama asipande ndege kabla ya saa 18 kupita, afazali siku nzima. Kwa hiyo wekeni kuzama siku za mwanzo, bidhaa baadaye.

Kuhusu feza: boti ya kwenda kuona samaki isilipwe yote mapema. Lipeni asubuhi ile, mkisha kuona bahari kwa macho, na muulize kwanza kama feza inarudi upepo ukikataza. Mwenye boti akikasirikia swali hilo, tafuteni mwingine.

Mwisho, kila mmoja, na watoto, abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Congo anaulizwa mpakani. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, la sivyo kadi haijaanza kufanya kazi.