Mawe ya Rhonda yaelezwe kwa Kiswahili

Juma lililopita nilikuwa mtaani Rhonda, hapa Nakuru, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Watoto walikuwa wakiburura sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu juu ya mchanga ulioachwa na maji njiani. Punje nyeusi ziliinuka zikaing'ang'ania mithili ya siafu. Mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, mbona mchanga huu unavutwa kama misumari?" Mimi ni mhadhiri wa isimu mwenye shahada ya uzamivu, lakini nakiri kwamba niligugumia. Jibu nililijua, ila nililijua kwa Kiingereza.

Jibu lenyewe si gumu. Mchanga ule umetokana na mawe ya volkeno, na ndani yake mna madini ya chuma yaitwayo magnetiti. Zaha itokapo ardhini huwa na joto kali hata madini hayo hayawezi kuhifadhi usumaku. Joto likishuka chini ya nyuzi 580 hivi za selsiasi, punje zake hushika mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati huo, na mwelekeo huo huweza kudumu mamilioni ya miaka. Jiwe, basi, ni dira iliyoganda.

Dira hiyo husimulia mambo mawili. La kwanza ni mahali. Karibu na Ikweta, kama hapa Nakuru, usumaku kwa wastani hulala sambamba na ardhi; karibu na ncha za dunia huinama sana. Mwinamo wa jiwe la kale huonyesha bara lake lilikuwa wapi lilipoganda. La pili ni wakati. Ncha za usumaku zimegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini, na mara ya mwisho ilikuwa yapata miaka 780,000 iliyopita. Bernard Brunhes wa Ufaransa aliona dalili hizo mwaka 1906, na Motonori Matuyama wa Japani akazithibitisha mwaka 1929. Kwa milia ya mawe ya namna hiyo kwenye sakafu ya Ghuba ya Aden, wataalamu wamesoma jinsi Bara Arabu linavyojitenga na Afrika.

Bonde letu la Ufa ni tawi la mpasuko huo huo. Hapa Kenya pande zake mbili huachana milimita chache tu kwa mwaka, lakini tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa la Subukia, si mbali na hapa, lilionyesha kwamba ardhi hii haijalala. Anayejenga nyumba Rhonda ana haki ya kujua amejenga juu ya nini.

Wapo wasemao Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Si kweli. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini darasani sayansi bado hufundishwa kwa Kiingereza. Ajabu ni kwamba wanajiolojia wa dunia nzima hutaja kipindi kimoja cha usumaku kwa jina la Olduvai, kutokana na zaha ya Tanzania iliyopimwa miaka ya 1960. Nalo jina hilo ni kosa la sikio la mgeni: Wamaasai husema Oldupai, yaani mkonge wa porini.

Simwambii mtu akitupe Kiingereza. Nasema mwalimu wa sayansi aruhusiwe kufafanua kwa Kiswahili bila kuonekana mzembe, nasi wa vyuo vikuu tuandike kwa lugha isomwayo mtaani.

Jumapili nilirudi Rhonda nikamweleza mtoto yule. Alisikiliza, kisha akauliza, "Ncha zitageuka tena lini?" Hilo hakuna mtaalamu awezaye kulijibu. Lilikuwa swali la mwanasayansi, na liliulizwa kwa Kiswahili.